Pimamaji na Nusu Tani ya Maji Ghorofani

Asubuhi imeshakolea, na fundi amelala chali kwenye zulia la sebule ya watu. Viatu ameviacha mlangoni. Mwenye nyumba, mzee aliyestaafu umekanika, anamzunguka na mpini wa fagio, akigonga dari pale anapoelekezwa.

“Hapo pana uwazi, Mzee. Sogea kushoto. Eeh, hapo boriti imepita.”

Kazi aliyoitiwa iko ghorofani, lakini fundi huyu huanzia chini. Familia hii inataka tangi lake la samaki, la vioo, lenye urefu wa futi tano, lihame sebuleni liende chumba cha kulala. Mama mwenye nyumba alipata kiharusi mapema mwaka huu. Mkono na mguu wa kushoto vimelegea, ngazi hawezi kuzishuka, na samaki aliowafuga miaka yote amebaki kusimuliwa habari zao. Ameomba jambo moja tu, kuwaona akiwa kitandani.

Wateja humwita fundi huyu Pimamaji, kwa sababu ya kifaa hicho cha waashi cha kupimia usawa, ambacho hakitoki mfukoni mwake. Ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye maneno mengi na asiye na haraka hata kidogo. Zamani alikuwa akikata vioo vya madirisha. Mteja mmoja akamletea tangi linalovuja, akaliziba, kisha akaulizwa kama anaweza pia kwenda kulifunga.

“Nikasema naweza. Nilikuwa siwezi,” anasema na kucheka. “Ila nilikuwa na watoto wawili shuleni, na madirisha hayavunjiki kila siku.”

Siku hizi, mwezi ukiwa mzuri, hufunga matangi makubwa matatu au manne. Mwezi ukiwa mbaya huosha ya wengine. Ana sharti moja linalomkosesha kazi nyingi: sakafu ikikataa, anarudisha malipo ya awali na kuondoka zake.

Ukaidi huo aliupatia jikoni kwa mtu. Aliitwa kuokoa kilichobaki baada ya tangi lililowekwa na wengine kwenye chumba cha juu yake kuinamisha sakafu ya mbao hadi kioo kikapasuka. Maji yalipitia darini. Hakuna aliyeumia, na samaki wawili aliwakuta wazima ndani ya sufuria, bahati yao moto ulikuwa haujawashwa.

“Watu wanaona samaki. Mimi naona nusu tani,” anasema. “Maji, vioo, mchanga, mawe. Ni kama umemfunga fahali chumbani, halafu fahali mwenyewe hatoki hata siku moja.”

Juu, Mama amelala akitazama dirisha, kichwa kikiwa upande wa ukuta wa nyuma. Familia imeshachagua mahali: chini ya dirisha, mbele ya macho yake. Pimamaji anakanyaga pale mara mbili, anatikisa kichwa. Chini ya dirisha hilo hakuna ukuta, kuna kibaraza kilicho wazi. Ukuta unaoweza kubeba mzigo ni ule wa nyuma, unaoshuka moja kwa moja mpaka kwenye msingi na ambao boriti zote zimelala juu yake. Lakini hapo ndipo kilipo kichwa cha kitanda. Tangi likikaa huko, Mama atakuwa amelipa mgongo.

Binti wa nyumba, aliyepanga shughuli yote hii, anamvuta fundi ukumbini na kumsihi aweke tu pale dirishani, lawama watazibeba wao. Pimamaji anafungua pochi na kuanza kutoa pesa za watu.

Mzee anakasirika. Nyumba hii ameijenga mwenyewe, anasema, kila msumari anaujua.

“Sikatai, Mzee wangu,” fundi anamjibu. “Uliijengea watu. Fahali hukumjengea.”

Wanabishana kwa sauti za chini, za watu wasiotaka kusikika. Wamesikika. Kutoka chumbani inakuja sauti ya Mama, nzito, kila neno likichukua muda wake.

“Mnabishana samaki wakae wapi. Si mnigeuze mimi?”

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Hata fundi, kwa kukiri kwake, alikuwa ameliangalia tangi tu. Mzee anajaribu kueleza kwamba tangu wahamie hapa wamelala vichwa upande ule.

“Basi wewe baki huko,” anasema Mama, “uwe unaangalia miguu yangu.”

Mzee anachukua mto wake na kuupeleka upande wa dirisha.

Baada ya hapo ni kazi tu. Kitanda kinasogezwa mbele. Kwenye ukuta wa nyuma linalazwa ubao mnene wa kutawanya uzito, juu yake stendi ambayo Pimamaji ameipunguza miguu ili tangi lisipite usawa wa macho ya mtu aliyeegemea mito. Maji yanapanda kwa mpira, kidogo kidogo, na kila mara anafunga bomba na kushuka kuangalia dari ya chini. Anashuka na kupanda mpaka magoti yanalia. Dari haijasogea. Ndipo samaki wanatolewa kwenye ndoo.

Mama anawatazama mmoja mmoja. Uso wake, ambao upande mmoja hautii, umejaa furaha.

“Yule mwenye doa kanenepa,” anasema hatimaye. “Nani alikuwa anamshindilia chakula?”

Mzee anakumbuka ghafla kwamba kuna kitu amekisahau sebuleni.

Kabla ya kukusanya vifaa, Pimamaji anaweka kiti kando ya tangi na kukata nafasi ndogo ya kutilia chakula kwenye mfuniko, upande ambao mtu aliyekaa pale atakuwa karibu nao kwa mkono wa kushoto. Atakuwa akija kila wiki kuosha vioo, na anasema ana hamu ya kukuta uchafu.

“Siku nikija nikakuta chakula cha samaki kimemwagika kwenye kiti, sakafuni, mpaka mapajani mwa Mama, sitasema neno. Nitachukua fagio nifagie. Nitajua ule mkono umeanza kazi.”