Mbaazi Iliyobunguliwa

Mwezi uliopita nilirudi Nakwa kufunga nyumba ya bibi yangu. Tulikuwa tumemzika, na shangazi alitaka mtu wa kukusanya vyombo. Nilipotoka nyuma kumwaga maji, miguu yangu ikasimama yenyewe. Pale ilipoanzia njia ya viboko ya kwenda ziwani pana ukuta wa matofali sasa, na ng'ambo ya ukuta redio ya mtu ilikuwa inaimba. Ungeniona, ungedhani namlilia bibi. Nilikuwa nasikiliza kama kuna kitu kinapumua upande wa pili.

Enzi zile mkoa wetu ulikuwa mpya, na Babati ilikuwa bado inajifunza kuwa makao makuu. Asubuhi za Nakwa zilinuka moshi wa mabua na uji wa mtama, na ukungu ulilala juu ya ziwa kama shuka lililosahaulika nje. Usiku viboko walipanda kula mahindi yetu, wakarudi majini kabla jua halijatoka. Utotoni sikuwahi kumwona hata mmoja kwa karibu. Tuliona njia yao tu: majani yamelala upande mmoja, matope yamebonyea. Kila mtoto wa kule alijua sheria bila kufundishwa: usipite njia ile mpaka jua liguse bati la nyumba. Kiboko akikukuta umesimama kati yake na ziwa, hasubiri ujieleze.

“Usiseme hakuna mnyama kwa sababu hukumwona,” bibi alizoea kusema, kwa Kiswahili chake chenye uzito wa Kigorowa. “Tazama majani yamelalia wapi.”

Jioni, baada ya ugali, alileta ungo wa mbaazi za kesho. Kwetu kuchambua na kusali vilikuwa kazi moja. Kila mbaazi nzima tuliidondosha chunguni na jina la mtu: mjomba aliyekuwa machimboni, mwalimu, mama mjamzito wa nyumba ya tatu. Mwisho bibi aliokota moja iliyobunguliwa, yenye kitobo cha mdudu, akaniwekea kiganjani.

“Hii ni ya yule ambaye moyo wako haumtaki. Mtaje.”

“Sina, Bibi.”

“Haya,” alijibu, na kesho yake akaniwekea nyingine.

Niliamini kweli kwamba sina. Nilikuwa mtoto wa kufuta daftari mpaka karatasi itoboke kwa sababu herufi moja imepinda. Niliwaamkia wakubwa wote wa mtaa, nikapiga na goti. Mtoto kama huyo anamchukiaje mtu? Mbaazi zile niliwatupia kuku.

Kisha yule msichana akaja. Baba yake alikuwa karani aliyehamishwa kutoka Dodoma kuja ofisi mpya za mkoa, wakapanga nyumba ya jirani. Alikuwa mpole, anacheka hata akikosea, na mtihani wake wa kwanza tu akanitoa kwenye nafasi ya kwanza niliyoishika tangu darasa la pili. Darasa zima likanigeukia.

“Namba moja imeshuka na basi la Dodoma!” mvulana wa dawati la nyuma akapiga kelele. “Kumbe wewe ulikuwa unamshikia siti tu!”

Nilicheka pamoja nao. Nikaenda kumpa mkono yule msichana, na mwalimu akasema mnaona, huyo ndiye mtoto mwenye adabu.

Siku chache baadaye bomba la mtaa likakauka. Jioni yule msichana akanikuta nafagia uwanja wa nyuma, yeye ana ndoo tupu mkononi.

“Eti, njia hii inafika ziwani?”

“Inafika,” nikasema.

“Afadhali. Mama anataka maji ya kufulia. Nitakwenda alfajiri, nisije nikachelewa kuhesabu namba shuleni.”

Hapo ndipo pa kuongeza sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni, fupi, hata mtoto wa chekechea angeisema. Niliendelea kufagia. Sikuwa nimesema uongo, na kwa mtu wa aina yangu hilo lilikuwa jambo kubwa.

Jioni ile bibi aliponiwekea mbaazi, hakuniachia mkono. Alivikunja vidole vyangu juu yake. “Leo umekula bila kuniangalia. Mtaje.”

Nikalitaja jina la yule msichana, niimalize kazi. Nikajaribu kusema Mungu ambariki. Badala yake nikaiona ndoo yake ikielea peke yake majini, imejipindua, na sikuogopa. Nilijisikia kama nimerudishiwa daftari lenye alama za vema tupu. Furaha ile ndiyo iliyonitisha. Nikaanza kulia.

“Umemwona mnyama?” bibi akauliza.

“Nimemwona.”

“Usimpige mawe. Akipigwa mawe ndipo anapoua. Mwombee mwenzako, halafu jiombee na wewe, maana nyote mko njia moja. Kisha amka ukafanye ulichokiomba. Sala bila miguu haifiki mbali na mkeka.”

Hakujua habari ya ziwa. Sikumwambia, wala sikuvuka kwenda kwa jirani, maana ningesema ningejulikana. Nililala na mbaazi ngumini, nikilirudia lile jina mpaka likaacha kuwa la adui na kuwa la mtoto tu, mwenye mama anayesubiri maji.

Nilishtuka majogoo wanawika. Bati lilikuwa bado jeusi. Nilikimbia bila ndoo, bila viatu. Nilimkuta chini kabisa, amesimama katikati ya majani yaliyolala, anashangaa.

“Kuna mtu anakoroma huko,” akaninong'oneza.

Nyuma yetu, upande wa mashamba, kitu kilitoa pumzi ndefu. Nilimshika mkono, nikamvuta pembeni mpaka kwenye mkonge, tukalala kifudifudi. Ardhi ilitikisika. Sikuinua uso, kwa hiyo mpaka leo siwezi kusema nilimwona kiboko. Jua lilipopanda tuliikuta ndoo yake imekuwa bapa kama chapati.

Alimsimulia kila mtu jinsi nilivyomwokoa. Paredi ya shule ikanipigia makofi. Mama yake akanikumbatia huku analia, akaniletea maandazi, nami nikayala. Yule msichana akawa rafiki yangu mpaka baba yake alipohamishwa tena.

Bibi hayupo. Njia imekuwa ukuta, na viboko sijui sasa wanapandia wapi. Ofisini kwetu yupo dada ninayemsalimia kwa tabasamu kila asubuhi, na juzi niliposikia amekosea hesabu za bosi, nilijisikia kama nimepewa vema.

Wiki ya msiba yule msichana, mama wa watoto wawili sasa, alinipigia simu. “Pole, mwenzangu. Bila wewe mimi nisingekuwepo.” Nikasema asante. Mengine niliyaficha vilevile kama siku ile nilipoendelea kufagia.

Haya nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, nikitafuta sentensi itakayonifanya nionekane afadhali. Haipo. Kesho nitayatuma kwa yule msichana kwanza, na sijui atanijibu nini. Leo jioni nimechambua mbaazi katika ungo wa bibi. Mbili zilikuwa zimebunguliwa. Ya kwanza nimeitaja kwa jina la dada wa ofisini. Ya pili nimeishika muda mrefu, kisha nikaitaja kwa jina langu.