Baiskeli Ilibaki, Ndizi Zikapanda Ndege

Kuna aibu za chumbani, ambazo mtu huzikumbuka akajifunika shuka yakaisha. Yangu mimi niliifanya saa mbili asubuhi, uwanja wa ndege wa Bukoba, mbele ya abiria wote wa ndege ile, helmeti ya baiskeli ikiwa kichwani, na kama ulikuwepo ukaniona nakuomba ucheke taratibu, maana mimi mwenyewe nimeshacheka hadi nikachoka.

Jina langu Deo, fundi friji, nina kibanda Buhembe, humohumo Bukoba, na chumba changu kiko nyuma ya kibanda hichohicho, kwa hiyo natoka kazini nafika nyumbani kabla sijamaliza kupiga mwayo. Kazi yangu haina maneno mengi. Mtu analeta friji, anasema haigandishi, ananiachia namba, ikipona nampigia, anaichukua, tumemalizana. Mwaka wa tatu huu nakaa Buhembe na watu wananijua sana, ila wananijua friji zao zikiharibika (friji ikiwa nzima tunapishana barabarani kama wageni).

Basi katika hali hiyo nikanunua baiskeli. Mtumba, ya gia, nyepesi, unaiinua kwa mkono mmoja. Kila Jumapili alfajiri naipanda kwenda Muleba kwa tatenkazi, ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita shangazi, dada yake baba, na kwa upande wa baba ndiye pekee niliyebakiwa naye. Milima ya njia ile naijua mmoja mmoja kwa maumivu yake. Nilikuwa napiga picha, natuma kwenye kundi moja la waendesha baiskeli wa Dar aliloniunganisha nalo mteja mmoja kwenye simu, nao wakawa wananisifia, "Bingwa wa milima!", vidole gumba vinamiminika, mpaka siku moja mmoja wao akaandika: "Fundi, Jumamosi ijayo tunaendesha wote, kata tiketi uje tukuone sura."

Tukuone sura. Ujumbe ule niliusoma kibandani, nikausoma nikila, nikausoma tena kitandani. Muda mrefu hakuna aliyetaka kuiona sura yangu bila friji katikati, na nawaambieni ukweli, ningekwenda Dar hata kwa miguu.

Nilipokwenda kukata tiketi, wakala akaniuliza, "Una mzigo wowote usio wa kawaida?" Nikajibu, "Sina." Hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Nilikuwa nimesoma kwenye kundi kwamba baiskeli huandikishwa mapema na hulipiwa pembeni, mbali na kilo zako ishirini na tatu, lakini nikajitetea moyoni kwamba baiskeli si kitu cha ajabu, Buhembe nzima imejaa baiskeli, huo usio wa kawaida ni upi? Nikaona nitaifungua, niifunge vizuri, iingie kwenye kilo zangu kimyakimya.

Fundi friji hakosi boksi. Nikachukua boksi la friji ndogo, nikang'oa magurudumu, pedeli, usukani, nikavipanga ndani, nikaipima baiskeli kwa mizani ya jirani anayeuza maharage, kilo kumi na tatu na kidogo. Nimebakiwa na kilo karibu kumi! Sasa kesho yake, siku moja kabla ya safari, basi la Muleba likaniletea gunia kutoka kwa tatenkazi. Nilikuwa nimemwambia naenda kwa marafiki zangu Dar (nilisema "marafiki zangu", kwa wingi, na nililisema kwa madaha), naye akaona haiwezekani mtoto wa kaka yake aende kwa watu mikono mitupu. Kukata mkungu wa ndizi za kupika kwa mtu wa umri wake, mwenye magoti kama yale, si kazi ya mchezo. Alinitumia mkungu wote, chane kwa chane, na kifurushi cha akamwani, zile buni za kutafuna, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba.

Na mimi Mhaya nikafikiria kama Mhaya. Vyuma vikikaa vitupu ndani ya boksi vitagongana, vinahitaji kitu cha kuvizuia, na ni kitu gani kinakaa vizuri katikati ya ringi mbili kuliko chane ya matoke? Nikazipachika kila pembe, gunia lake nikalikunja chini. Zikakaa utadhani boksi lile lilitengenezwa kwa ajili yake. Helmeti ikakosa nafasi, nikasema basi hii nitaivaa. Kupima mara ya pili sikukumbuka kabisa.

Asubuhi nikafika uwanjani na boksi langu limezungushwa tepu kama mguu uliovunjika. Dada wa kaunta akatazama picha ya friji ubavuni mwa boksi, akatabasamu, akaniuliza, "Kaka, unasafiri na friji?"

Jibu la kweli lilikuwa hapo mdomoni. Nikasema, "Ndiyo."

"Friji ina gesi, hatupakii."

"Haina gesi, dada. Ni tupu. Mimi ni fundi."

Akaitazama helmeti yangu. Akaitazama mizani, ambayo ilikuwa inasoma kilo thelathini na nane. Halafu akaniambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa, "Fungua tuone."

Nilikata tepu ile polepole mno, nikitumaini pengine ndege itaondoka kabla sijamaliza. Lilipofunguka, chane ya kwanza ikaruka, ya pili ikafuata, ndizi zikatawanyika sakafuni mpaka miguuni mwa mama mmoja mwenye kitenge aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, na pale katikati ya ndizi zilizobaki ikachomoza pedeli. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe friji siku hizi zina mnyororo," na ukumbi mzima (na ukumbi wenyewe ni mdogo, kila mtu anamsikia kila mtu) ukaangua kicheko.

Dada yule hakucheka, Mungu ambariki. Akanieleza: baiskeli inalipiwa pembeni, na zile kilo zilizozidi zinalipiwa kila moja, jumla inakaribia nauli yenyewe. Nikatoa pesa zangu zote, za kulala, za kula na za kurudi kutoka uwanjani, zikatosha baiskeli tu. "Basi chagua," akasema. "Ukiacha ndizi, unalipia baiskeli unaondoka nayo. Ukiacha baiskeli, ndizi zinaingia kwenye kilo zako, hulipi chochote."

Ninyi mnaosikiliza mmeshachagua. Na mimi nilichagua hivyohivyo kwanza, nikaanza kuzisogeza ndizi pembeni kwa mguu. Ndipo yule mama mwenye kitenge akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, chakula kinasogezwa kwa mguu? Nani alikufungia hizi?"

"Shangazi."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Akainama na kuanza kuziokota, moja baada ya nyingine, anazipangusa kwa ncha ya kitenge, na mimi nikaona kabisa magoti ya tatenkazi yakipanda kilima kuufuata ule mgomba. Nikajiambia, baiskeli Dar zipo, nitaazima, ila matoke ya tatenkazi nitayaazima wapi? Nikalitoa lile gunia, nikamwambia dada, "Baiskeli ibaki." (Wazo la kuwagawia abiria zile ndizi, jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angeliwaza, lilinijia tukiwa tayari juu ya ziwa.)

"Sawa," dada akasema. "Mpigie mtu wako aje aichukue. Hapa kaunta haiwezi kukaa."

Mtu wangu. Nikatoa simu, nikaanza kushuka na majina. Jokofu Kahororo. Friji Inavuja. Mama Friza Samaki. Gesi Jumla. Kompresa Kashai. Jokofu Padri. Nikashuka mpaka chini, nikapanda tena mpaka juu, foleni inasubiri, na humo ndani mlikuwa na namba zaidi ya mia mbili na hamna hata mtu mmoja ambaye ningeweza kumwambia, njoo. Ningemwambia nini Mama Friza Samaki? Kwamba mimi ni yule aliyebadilisha kidhibiti joto mwaka jana, sasa nakuomba uache biashara yako uje unibebee baiskeli? Pale ndipo nilipoelewa kwamba nikianguka siku moja kibandani, atakayenikuta ni mtu aliyekuja kuulizia friji yake.

Sikutaka dada ajue. Wala yule mama. Nikaiweka simu sikioni bila kupiga namba yoyote, nikaanza kuongea.

"Halo, ndugu yangu! Umeamkaje? Eeh, niko uwanjani hapa. Bwana, baiskeli inabaki, pitia uichukue. Eeh. Wewe nawe!" Na nikacheka, kile kicheko cha mtu anayetaniwa na rafiki wa siku nyingi, tena nilikicheka vizuri, kwa sekunde kadhaa nikajisikia kweli nina ndugu huyo, anavaa viatu sasa hivi anakuja.

Simu ikaita. Sikioni. Mlio wa simu yangu ni jogoo, niliuweka mwenyewe kwa sauti ya mwisho ili niusikie kompresa zikinguruma, na jogoo yule akawika katikati ya neno "wewe" mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka. Hakuna mtu asiyejua kwamba simu iliyo katikati ya mazungumzo haiwiki. Safari hii hakucheka mtu, na ningetoa ile nauli yote ili wacheke.

Alikuwa tatenkazi. Nikapokea, ningefanyaje? Yeye huongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde, kwa hiyo ukumbi wote ulimsikia.

"Deo! Waitu, umeshapanda?"

"Bado kidogo, tatenkazi."

"Na baiskeli yako, imepanda?"

Baiskeli ilikuwa imelala sakafuni, imefunguliwa vipandevipande, kiti chake kinanitazama. Dada wa kaunta akainamisha macho kwenye karatasi zake.

"Imepanda."

"Na ndizi?"

"Na ndizi."

"Kasinge, mwana wange," akanishukuru. "Uko na nani hapo, mbona kimya?"

"Niko na rafiki yangu amenisindikiza."

"Mpe simu nimsalimie!"

Nikasema mtandao unakatika, nikakata mimi. Yule mlinzi, mzee wa makamo, akaja bila kuitwa, akakusanya vyuma vyangu kimyakimya akavipeleka kwenye kibanda chake, akafungua daftari. "Nitamwandika nani wa kuja kuichukua?" Nikamjibu, "Mwenyewe." Akaandika hivyohivyo, Mwenyewe, akapiga mstari.

Helmeti niliivua tunakaribia Mwanza, baada ya mhudumu kuniuliza kama najisikia vizuri.

Habari za Dar sitazikalia sana. Walikuwa watu ishirini hivi, kituo cha mafuta, kabla jua halijapanda, wamevaa fulana zinazofanana, na nikatokea mimi na gunia. Hawakuwa watu wabaya, nisiwasingizie. Walinishika mkono, wakacheka kwamba bingwa wa milima kaja na matoke, wakaulizana kama kuna baiskeli ya ziada, haikuwepo, muda ukawa umefika. Mmoja akaniomba niwapige picha kabla hawajaondoka, nikawapiga, halafu wakaniachia mabegi niyalinde. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara na mabegi ishirini. Baada ya kitambo simu ikatetemeka, picha ile imeshawekwa kwenye kundi, chini yake wameandika, "Leo tumekutana wote." Nikaweka kidole gumba. Waliporudi walikuwa wamechoka, kila mtu ana haraka ya nyumbani, waliobeba ndizi walibeba, na chane mbili zilisahaulika palepale. Hizo nililala nazo gesti.

Nilirudi Bukoba nikaichukua baiskeli kwa mlinzi, nikaiunga hapohapo nje ya kibanda chake, na Jumapili nikapanda milima kwenda Muleba. Nilikuwa nimepanga kumwambia tatenkazi kwamba safari ilikuwa nzuri, marafiki wanamsalimia. Lakini alinitengea chakula, akakaa kwenye mkeka kunitazama nikila kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, akauliza, "Walizipenda ndizi?" Na mimi mtu mzima wa miaka arobaini na moja nikaweka kijiko chini nikamwambia yote, boksi, jogoo, na rafiki asiyekuwepo.

Kwenye helmeti alicheka mpaka akashika ubavu. Kwenye simu akaacha kucheka. Akamfukuza kuku aliyesogelea sahani yangu, kisha akaniuliza:

"Sasa nilipokupigia, mbona hukuniambia nije?"

"Tatenkazi, wewe uko huku Muleba. Miguu inakuuma. Ndege ilikuwa inaondoka. Ungefikaje?"

"Ningechelewa," akasema. "Lakini ningekuja."

Nikatoka nje nikajifanya nakagua breki, nikazikagua muda mrefu kuliko breki zozote nilizowahi kukagua.

Basi mkisafiri na baiskeli, semeni mapema, lipeni, msifiche kitu kwenye boksi la friji, mizani haina undugu. Hilo ni jepesi na nimeapa kulishika. Gumu ni hili lingine nililoapa siku ileile nikishika breki: tatenkazi akinipigia tena akaniuliza niko na nani, nitamwambia niko peke yangu.