Lami Isiyotoa Moshi

Papa, baba yangu, alikuwa akisawazisha lami ya barabara kwa reki tangu kabla sijazaliwa, na kazini kwao sheria ilikuwa moja: lori likifungua mlango wa nyuma, yeye anaangalia moshi. Moshi wa buluu, imeungua. Moshi mwepesi, mwaga. Hakuna moshi, imepoa. Anainua reki na lori linarudi. Hata injinia alikuwa anangoja ile reki.

Walipoanza barabara ya Mbugangari, injinia aligawa karatasi ya Kiingereza. Papa hakwenda shule. Akanipa mimi.

“We mutu ya masomo, soma.”

Nikasoma: lami mpya, inapikwa kwa moto mdogo, inakula mafuta machache, haichafui hewa. Mpaka hapo nilikuwa mwaminifu. Kisha nikaona dada yangu mdogo anasikiliza, nikaongeza: “Wafanyakazi wote waje na taulo, maana lami hii ni ya kuoga, kama maji moto ya Nyamyumba.” Mama akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Papa akakunja karatasi, machozi ya kicheko machoni. Chini ya ukurasa ilibaki sentensi moja ambayo sikuisoma: msitazame moshi, pimeni kwa kipimajoto. Niliiona. Lakini nani anakatisha kicheko kwa ajili ya kipimajoto?

Kesho yake, natoka shule na wenzangu, nikakuta lori limefunguliwa. Moshi hakuna. Reki ikapanda juu.

“Muzee, iko moto hii!” dereva akalalamika.

“We unashika usukani, mi nashika lami. Imekufa. Rudisha.”

Ningeweza kupiga kelele. Badala yake nikawaambia wenzangu, “Papa ametoa kadi nyekundu,” wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Injinia alipofika jioni na kupiga simu lori lirudishwe, lami ilikuwa imeganda kweli ndani yake. Ikabidi waivunje kwa sururu.

“Papa, karatasi hukusoma?” injinia akamuuliza.

“Nilisomewa.”

“Na nani?”

Papa alinitazama nilipo ng'ambo ya barabara, akaitazama na sare yangu ya shule. Hakunitaja. Wakamfukuza papo hapo, reki akaiacha chini.

Wiki iliyofuata akaniambia nimwandikie barua ya kuomba kazi, kwa Kinyarwanda. Niliandika alivyosema, neno kwa neno, sikutia hata utani mmoja. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Bon, sawa,” akasema, akaichukua mkononi mwangu, akamwita yule dada yangu mdogo, wa darasa la nne. “Kuja, mama. Nisomee hii.”