Kusafisha Jino Lisilouma

Kwetu meno hayaozi. Yanadondoka. Nililisikia hilo tangu utotoni, huko Djugu, na lilisemwa kwa majivuno. Baba yangu hakuwahi kuwa na tundu hata moja kinywani. Alimenya miwa kwa meno, akavunja mifupa ya mbuzi, akawacheka majirani waliofunga mashavu kwa kitambaa. Kisha, kabla hajafika miaka hamsini, meno yake yakaanza kulegea na kutoka moja baada ya jingine, mazima, bila maumivu. Akasema ndivyo ukoo wetu ulivyo, hata baba yake alikuwa vilevile, nasi tungoje zamu yetu. Tuliamini, kama tulivyoamini kwamba sisi ni watu warefu.

Mimi nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Bunia. Nasema hivyo ili msomaji anicheke vizuri. Kila mwaka nachora jino ubaoni, pamoja na fizi na mzizi wake, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikirudi nyumbani kutema damu kila nilipopiga mswaki. Nilichofanya ni kuacha kusugua mahali palipotoka damu. Sikuumwa, kwa hiyo sikuwa mgonjwa. Watu huenda kwa dentisti wakiwa wameshika shavu. Mimi ningeshika nini?

Siku jino langu la mbele lilipocheza nilipoligusa kwa ulimi, niliogopa. Nina miaka arobaini na moja. Nilijiona mbele ya darasa nikifunika kinywa kwa kiganja, kama baba anavyofanya akicheka kanisani. Dada yangu, ambaye ana meno mazuri na mdomo mkali kuliko wangu, alinipandisha kwenye pikipiki, tukaenda pamoja kwa dentisti.

Dokta alikuwa binti mdogo kuliko baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani. Hakung'oa kitu. Alinifanyia kile anachokiita detartraji: alikwangua meno kwa chuma chembamba, karibu saa nzima, akitoa ukoga ulioganda mpaka chini ya fizi. Akanionyesha vipande vyake kwenye sahani. Vilikuwa kama changarawe, nami miaka yote nilidhani ni sehemu ya jino.

Nilipojitazama kwenye kioo, nikakuta mianya kati ya meno yangu ya chini, mahali palipokuwa pamejaa. Hasira zikanipanda.

"Umeniharibia meno! Ile kitu ndiyo ilikuwa inaishika!"

"Haikuwa inashika, mama," alisema bila kukasirika. "Ilikuwa inasukuma fizi na kukula mufupa. Utarudia kisha miezi tatu."

"Miezi tatu! Na huyu?" Nilimwonyesha dada yangu, ambaye dokta alikuwa amemtazama kinywa kwa dakika chache tu.

"Yeye, mara moja ku mwaka inatosha. Fizi yake iko nguvu. Yako, nikigusa tu, damu. Ikikuwa muzuri, weye pia tutakusongeza ku miezi sita."

Dada alinicheka njia nzima. Tumbo moja, chungu kimoja, halafu yeye mara moja kwa mwaka na mimi mara nne! Niliona nimeonewa, na sikumsemesha mpaka kesho yake.

Tulipofika, baba alikuwa amekaa mbele ya nyumba yangu, ambako anaishi tangu vita vilipomtoa kijijini. Alinitazama shavuni, akitafuta pamba.

"Baling'oa meno ngapi?"

"Hata moja, baba."

"Sasa weye ulienda kufanya nini?"

"Kusafisha."

"Burosi ya meno ilipotea hapa nyumba?"

Nilirudi baada ya miezi mitatu, nikiwa nimenuna, na tena baada ya mitatu mingine. Damu ilikoma. Jino la mbele bado linacheza kidogo, lakini halijazidi, na dokta anasema nikilitunza laweza kukaa. Siku hiyo nilirudi na furaha isiyo na breki. Nikamweleza baba yote, hata nikamchorea kwenye daftari: ukoga, fizi, mfupa unaoliwa polepole bila mtu kuumwa. Nilifundisha vizuri, kwa mbwembwe, kana kwamba mkaguzi amekaa nyuma ya darasa. Sikufikiri ninamfundisha nani.

Alitazama ule mchoro muda mrefu.

"Na yangu? Kama bangeisafisha, ingebakia?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kijijini hapakuwa na dentisti, na barabara ilikuwa mbaya. Yote hayo ni kweli, lakini hakuwa ameuliza hayo.

"Mingi ingebakia, baba."

Akalifunga daftari, akasema, "Ni miye nilibaambia mungoje."

Nilimhurumia. Nilijutia mchoro, nikajutia na zile mbwembwe zangu.

Akaniomba nimpigie mdogo wangu, anayepasua mbao Mambasa. Baba hapendi simu, na akiishika hutangulia kuuliza habari za kila mtu na kila shamba ndipo aseme alilo nalo. Safari hii hakusalimia.

"Meno yako inatoka damu?" alipaza sauti.

Upande wa pili msumeno wa mashine ulikuwa ukinguruma. Ukazimwa. Mdogo wangu akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani alikuambia, baba?"