Wimbo Uliobaki Mtandaoni

Ipo siku moja ya Kapalamsenga, kijiji cha kando ya ziwa, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo nacheka peke yangu. Nilikuwa mwalimu wa kwaya, kijana mwenye simu kubwa na maneno mengi.

Bando lilikuwa ghali, na kule ziwani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nilikuwa na mazoea yangu. Nikiwa Kashaulili, hapa Mpanda mjini, nafungua kurasa zote ninazozihitaji, nazima data, naondoka. Huko niendako nazikuta vilevile, nazisoma bure. Safari hiyo nilikuwa nakwenda kuiandaa kwaya ya kijijini kwa ajili ya harusi, na nilibeba maneno ya wimbo wa Kirundi ambao bibi harusi aliuomba, kwa sababu marehemu mama yake alikuwa akimwimbia. Harusi ilikuwa kesho yake, na pale kijijini watu walikumbuka kiitikio tu.

Kumbe programu ya kufungulia kurasa ilikuwa imejibadilisha yenyewe, toleo jipya! Nikagusa ukurasa wangu mbele ya kwaya nzima: badala ya kunionyesha maneno, ikaanza kuyatafuta upya mtandaoni. Na mtandao wenyewe hakuna. Nikazima, nikawasha. Nikabonyeza nilipozoea kubonyeza, kitufe kimehamishwa. Jasho likanitoka.

"Mwalimu," akasema mmoja wa besi, "tuimbe hako kaduara kanakozunguka?"

Wakaangua kicheko. Bibi Anastazia, mkubwa wa sauti ya kwanza, hakucheka. Aliniangalia ninavyoigonga simu kama naichapa.

"Mwanangu, huyo ni mgeni kahamia kwako. Umemuuliza vitu anaweka wapi? Unamgombeza tu kwamba si yule wa zamani. Twende mlimani kwenye mtandao, ukamsome polepole. Nyie wengine, nyanyukeni!"

Tukapanda kwaya nzima, wengine na watoto mgongoni. Juu kule mtandao ukashika, ukurasa ukafunguka! Kidole kikataka kuzima data kama kawaida yake, nikakizuia. Nikagusa vile vidoti vitatu nilivyokuwa navipita kila siku, nikasoma neno moja moja mpaka nikaliona: Pakua. Nikapakua. Nikazima data, nikafunga kila kitu, nikafungua tena. Maneno yapo, hadi ubeti wa mwisho! Nikapiga kigelegele mwenyewe.

Kesho yake, tulipofika ubeti wa pili, bibi harusi aliachia mkono wa mumewe, akaja kusimama katikati yetu, akaimba.

Basi mwanangu, simu au kompyuta ikikuamkia na sura mpya, kasirika kidogo, ni haki yako. Hata mimi bado nakasirika. Kisha jiulize: kile nilichokuwa nakifanya, hapa kinafanywaje? Soma kilichoandikwa. Jaribu ungali una mtandao, zima data uhakikishe, ndipo usafiri. Utashangaa, mara nyingi hicho kipya kina raha yake.

Mungu akupe subira ya kujifunza, vidole visivyoogopa kujaribu, na watu wa kukucheka kwa upendo.