Mguu Ni Wake

Binti wa dada yangu alikuwa darasa la sita alipoletwa kwangu Kitale, goti limefura. Kwao Myanga walikuwa wamelisugua kwa dawa ya miti, wakisema alianguka akicheza netiboli. Ngazi za kwangu alizipanda kwa makalio, kinyumenyume, akicheka ili tusimwonee huruma.

Hospitalini walimpiga picha, wakachukua kipande cha mfupa wakapime. Siku ya majibu mama yake alikuja. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alitokea mlangoni akatuita sisi wawili. Mtoto abaki kwenye benchi.

"Si mguu ni wangu?" mtoto akasema, bila ujeuri. "Mkinong'ona huko ndani nitafikiria mambo mabaya zaidi."

Dada yangu alimtikisia daktari kichwa: hapana. Daktari akamshika mtoto mkono, akamwingiza. Alivuta kiti akaketi mbele yake, akamwambia ni saratani ya mfupa. Atapewa dawa kali zitakazomtoa nywele, na baadaye mguu utakatwa juu ya goti.

Dada yangu akaangua kilio. Mtoto aliuliza tu, "Ni kwa sababu nilicheza wakati mama alikuwa amenikataza?"

Hatukujua alikuwa amebeba hilo. Daktari akamwambia la, hakuna alichokosea. Mabega ya mtoto yakashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi.

"Na nitakufa?"

"Kuna watoto wanaokufa na huu ugonjwa, na kuna wanaopona. Tutapigana nao pamoja. Na ukiniuliza kitu, sitakudanganya."

"Sawa. Nionyeshe mahali mtakata."

Daktari akapitisha kidole juu ya sketi ya shule, polepole, na mtoto akakifuata kwa macho hadi mwisho.

Alilia kesho yake, jikoni kwangu, tukichambua kunde. Aliulilia mpira, akaulilia mguu wenyewe. Nikafungua mdomo nimwambie Mungu ni mwema. "Anti, wacha kwanza nilie," akasema. "Nikimaliza tutaongea." Nikaendelea na kunde zangu. Alipomaliza, tuliongea kweli.

Kabla ya matibabu tulimpeleka Bungoma amwone nyanya yake, mama yetu, ambaye wajukuu humwita kukhu. Kaka zangu walikuwa wameshaamua kukhu asiambiwe, kwa sababu ya presha. Mtoto aliketi naye mkekani, akamshika mkono.

"Kukhu, niko na saratani. Watanikata mguu. Ukitaka kulia, lia, lakini usiniite maskini ya Mungu."

Mama hakulia. "Mjukuu wangu, mimi nirijua. Macho ya hawa watoto wangu yariniambia."

"Sasa mbona hukuuliza?"

"Nirikuwa nangoja mtu mkubwa aje aniambie."

Kaka zangu, waliosimama mlangoni, wakatazama chini.

Dawa zilimtesa. Kuna asubuhi alikataa kabisa kuwekewa dripu, akageukia ukuta, akampa daktari wake mgongo, na daktari akakaa hapo akingoja hasira ipoe. Mguu ulikatwa. Leo yuko sekondari, anatembea kwa mguu wa bandia, na bado hurudi kupimwa. Mara ya mwisho mapafu, ambako saratani hii hupenda kuenea, yalikuwa safi. Nikamuuliza kama alikuwa ameogopa. "Niliogopa sana, anti," akasema, akainama kufunga kamba za viatu vyote viwili.