Galaksi Ukutani, Mrija Mlangoni

Harufu ya ulezi uliochacha hunirudisha mpaka leo kwenye kambi ya polisi tuliyokulia Kampala, katika vile vibanda vya bati vya mviringo vinavyoitwa mama ingia pole, kwa kuwa mlango ni mfupi na lazima uiname. Vilibanana hivi kwamba jirani akipiga chafya, wewe unampa pole. Kulia kwetu aliishi Afande Rozi, askari mwenzake baba, mjane mcheshi aliyepika malwa, pombe ya ulezi. Kushoto aliishi Mama Neema, mlokole wa kusali mpaka bati litetemeke. Katikati tulikuwa sisi: baba, mama, dada yangu Akello na mimi.

Msimu ule wa mvua Akello alikata picha ya galaksi gazetini, akaibandika juu ya kitanda chetu. Lilikuwa gurudumu la nyota, zuri ajabu, ila mkono wake mmoja ulivutwa nje, mrefu, umelegea kama uzi uliofumuka kwenye sweta. "Majirani zake ndio wameiharibu," alituambia. "Hawakuigonga. Wamepita karibu tu, uzito wao ukaivuta." Baba alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata huko juu kuna kambi!" Mama hakucheka. Aliuliza, "Na huo mkono utarudi?" Akello akasema ukishavutwa hivyo haurudi. Mimi, jamani, nilishikwa na baridi nisiyoielewa.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kwa watu wetu kila mwanamume ana mrija wake wa kunywea malwa, na mrija hulala alalapo mwenyewe. Wa baba ulining'inia juu ya mlango wetu. Jioni aliuchukua, akaketi na wenzake kukizunguka chungu cha Afande Rozi, kisha akarudi nao. Nikiuona mahali pake, moyo ulitulia. Mama naye akaanza kwenda kusali kwa Mama Neema, kwanza Ijumaa, halafu kila jioni, chakula chetu kikawa cha baridi. Hakuna aliyegombana. Laiti wangegombana! Walipishana mlangoni kwa adabu, huyu akiinama kutoka, yule akiinama kuingia.

Jioni moja nilitumwa kwa Afande Rozi kuomba chumvi. Nikauona mrija wa baba umetundikwa ukutani kwake. Aliona ninachokitazama. "Nenda, mtoto wangu," alisema kwa upole, akinijazia chumvi. "Mama yako atajua tu." Nilimwambia mama. Aliipokea ile chumvi, akaonja mboga, akasema, "Basi, imekwisha." Kabla mvua hazijakatika tulikuwa mtaa wa Bwaise, katika chumba cha kupanga, bila baba.

Siku hizi ninaishi ndani ya ukuta mrefu wenye geti, na majirani siwajui hata majina. Nilitaka hivyo. Lakini nyumba ya pili imepata wapangaji wapya, watu wachangamfu, na upepo wa jioni hutuletea kicheko chao pamoja na harufu ile ile. Jana walimkaribisha mume wangu kwenye chungu. Alikwenda na mrija wake, akarudi mikono mitupu. "Nimeuacha huko," alisema. "Si nitarudi kesho?"